Kila Tofali na Mwenyewe

SEHEMU YA TATU: Komeo Liko Ndani

ILIPOISHIA: Zhu Yuanzhang, mtoto wa mkulima fukara aliyewahi kuvaa joho la utawa na kuombaomba chakula njiani, aliasisi utawala wa Ming mwaka 1368, akauzungushia mji wake mkuu wa Nanjing ukuta wa kilomita 35. Alipofariki mwaka 1398, kiti kilikwenda kwa mjukuu wake Zhu Yunwen, kijana wa miaka 20. Mjukuu akaanza kuwapokonya baba zake wadogo majeshi na madaraka. Mmoja wao, Zhu Di wa Beiping, alikataa. Wakapigana miaka mitatu. Mwanzoni mwa Julai 1402 kamanda wa mashua za kivita za mfalme alihamia upande wa Zhu Di, na mto Yangtze ukavukwa. Siku chache baadaye, juu ya ukuta karibu na lango la Jinchuan, mlinzi kijana alisikia mtu akigongagonga matofali gizani. Akainua mkuki...

SASA ENDELEA...

"Nani hapo?"

"Mimi fundi, mwanangu. Ondoa hicho chuma, utanitoboa bure."

Mlinzi alisogeza taa. Mzee alikuwa amechuchumaa, mwiko kiunoni, ndoo ya chokaa kando yake. Kidole chake kilitambaa taratibu kwenye ubavu wa tofali, kama mama anayetafuta mwiba kwenye unyayo wa mtoto.

"Unatafuta nini saa hizi, mzee wangu?"

"Jina langu."

Kijana alitaka kucheka, akajizuia. Mzee akamshika mkono na kuuweka juu ya tofali. Chini ya vidole kulikuwa na mikwaruzo iliyopangwa kwa mistari: maandishi yaliyogongwa kwa muhuri udongo ulipokuwa bado mbichi, kisha moto wa tanuri ukayafanya ya kudumu. Tofali lilikuwa na urefu wa sentimita 40 hivi, upana nusu ya urefu, unene nusu ya upana.

"Hapo umeshika watu wengi," mzee alisema. "Huyu wa juu ni ofisa wa jimbo. Anayefuata ni wa wilaya. Kisha mkuu wa kundi la kaya, kisha msaidizi wake, kisha bwana wa tanuri. Huyu wa mwisho kabisa ni kibarua aliyekanyaga udongo. Tofali likipasuka, wote wanajulikana wanakokaa."

Ndivyo Zhu Yuanzhang alivyojenga. Mtu aliyeikwea nchi kutoka chini kabisa alijua jinsi walio chini wanavyolipua kazi, na jinsi walio juu wanavyokula fedha ya kazi. Basi akawafunga wote kwenye tofali moja. Tanuri ziliwaka katika wilaya nyingi kando ya Yangtze na matawi yake, kuanzia Jiangxi hadi Hubei na Anhui, na mamia ya mamilioni ya matofali yakashuka kwa mashua hadi Nanjing. Kazi ilianza mwaka 1366, kabla hajajitangaza mfalme wa Ming, ikachukua zaidi ya miaka 20. Mshauri wake Zhu Sheng alikuwa amempa nasaha tatu: jenga ukuta mrefu, jaza maghala nafaka, usikimbilie kuitwa mfalme. Alizifuata zote.

"Mimi nilitokea Jiangxi," mzee alisema. "Nilikuwa kijana kama wewe. Nimeyafuata matofali yangu mpaka huku, na sijawahi kurudi nyumbani."

"Na jina lako ukiliona?"

"Nitajua tofali langu limekaaje. Kesho kutwa watakuja wa kuligonga."

Kijana aligeuka kutazama gizani, upande wa mtoni. Mioto ya kambi ya Zhu Di ilikuwa imeongezeka tangu jana. Na ilikuwa imesogea.

*

"Mzee, mimi naogopa," kijana alisema hatimaye.

Mzee hakumcheka. Alichovya kidole kwenye ndoo, akachora mistari minne myeupe sakafuni, mmoja nyuma ya mwingine.

"Hili ni lango la Jubao, kule kusini. Nimefanya kazi pale. Sasa wewe ni adui. Vunja mlango wa kwanza."

Kijana aliweka kidole, akavuka mstari wa kwanza.

"Karibu ndani. Juu yako kuna lango jingine, zito, linaning'inia kwa kamba na roda. Askari wangu anaachia kamba." Mzee alipiga kiganja sakafuni. "Limeshuka nyuma yako. Wenzako wamebaki nje. Mbele yako kuna mlango wa pili, haujafunguka. Kushoto ukuta, kulia ukuta. Tazama juu: mishale. Utakwenda wapi?"

Kijana alitazama kidole chake kilichokwama kati ya mistari miwili ya chokaa.

Mvuvi yeyote wa dema angeelewa upesi. Samaki huingia bila kuzuiwa. Shida yake ni kutoka. Wachina huuita ua wa namna hiyo mji wa mtungi: anayetumbukia humo huokotwa kwa mkono. Jubao lilikuwa na nyua tatu za aina hiyo na milango minne iliyofuatana, katika ngome yenye upana wa mita 118 na kina cha mita 128. Ndani ya kuta zake kulijengwa vyumba 27 vya kuba, vya kuficha askari na chakula. Inasemekana viliweza kuchukua watu 3,000. Pembeni kulikuwa na njia pana ya mteremko, farasi wapande mbio mpaka juu. Lango hilo bado lipo. Tangu mwaka 1931 linaitwa Zhonghua.

"Na ukuta wenyewe?" kijana aliuliza. "Hauwezi kubomolewa?"

Mzee alikwangua kipande cha chokaa kavu kwa mwiko, akampa. Kilikuwa kigumu kama mfupa.

"Kula."

"Nini?"

"Humo mna mchele. Chokaa tuliichanganya na uji wa mchele ule unaonata. Watu wamelala njaa ili ukuta ushibe."

Na ukuta ulishiba kweli. Sehemu nyingi ulisimama kati ya mita 14 na 21. Miji mikuu mingi ya kale ya China ilipangwa kwa pembe nne zilizonyooka. Huu wa Nanjing uliyumba kama nyoka, ukipanda vilima, ukiegemea ziwa Xuanwu na mto Qinhuai ili maji ya Mungu yawe handaki. Ulikuwa na malango 13, na juu yake nafasi za kurushia mishale zaidi ya 13,000.

"Basi hakuna pa kupita," kijana alisema, moyo ukianza kutulia.

"Papo." Mzee alishusha sauti. "Ukuta nao hunywa maji. Mto Qinhuai unaingia mjini kwa mlango wa maji wa mashariki. Pale tuliweka kuba 33, ghorofa tatu, kuba 11 kila ghorofa. Mbili za juu ni za askari. Ya chini ni ya mto." Akanyamaza kidogo. "Maji hayaulizwi jina yanapopita."

Kijana hakuelewa kwa nini mzee alimwambia jambo hilo. Angelikumbuka baadaye, mkuki ukimtetemeka mkononi.

*

Kuna hekaya waliyopenda kuisimulia askari wa zamu. Ukuta ulipokamilika, Zhu Yuanzhang aliwapandisha wanawe kwenye mlima Zijin, nje ya mji, wautazame. Wote wakasifu. Mmoja tu akasema kwamba mizinga ikipangwa hapo mlimani, jumba la mfalme litakuwa shabaha. Aliyesema hivyo, hekaya inadai, ni Zhu Di.

Iwe kweli isiwe kweli, mwaka 1390 mfalme aliagiza ukuta mwingine, wa nje, sehemu kubwa ukiwa wa udongo, karibu kilomita 60, uliouweka mlima huo ndani.

"Kwa hiyo anayekuja anaujua ukuta huu kuliko sisi," kijana alisema.

"Anaujua. Ndiyo maana hatahangaika nao." Mzee alifuta mistari yake kwa kiganja. "Nikuulize, mwanangu. Malango yote 13, komeo liko upande gani?"

"Ndani."

"Na nani yuko ndani?"

Kijana alifungua mdomo ajibu. Chini yao, kwenye lango la Jinchuan, farasi wawili walikuwa wamefika, na walinzi wakawapigia magoti waliowapanda.

*

Mmoja alikuwa mwanamfalme Zhu Hui, mtoto wa mfalme mzee, ndugu wa Zhu Di kwa baba. Wa pili alikuwa Li Jinglong.

Huyu Li alihitaji kuangaliwa kwa macho mawili. Mwaka 1399 ndiye aliyepewa jeshi la mfalme kwenda kuizingira Beiping, mji wa Zhu Di. Alishindwa. Mwaka uliofuata akashindwa tena. Maofisa walitaka kichwa chake; mfalme kijana akamsamehe. Na siku hizi za mwisho, Zhu Di alipokwisha kuvuka mto, Li huyo huyo ndiye aliyetumwa kambini kwake Longtan kuomba suluhu ya kugawana nchi. Alirudi mikono mitupu. Kisha akapewa, pamoja na Zhu Hui, ulinzi wa Jinchuan.

Tofali moja lilihitaji wakubwa na wadogo walioandikwa majina ili liaminike. Lango zima likakabidhiwa watu wawili kwa sababu ya ukoo wao.

Mnamo tarehe 13 Julai 1402, bendera za Zhu Di zilifika chini ya ukuta. Kijana alikuwa zamu. Aliweka mshale kwenye upinde, akasubiri amri.

Wakati huo, jumbani, mfalme alikuwa amegundua kwamba Xu Zengshou, shemeji wa Zhu Di, anawasaidia walio nje. Akachomoa upanga, akamuua kwa mkono wake mwenyewe. Alipata msaliti aliyekuwa hatua chache kutoka kwake. Wa Jinchuan walikuwa mbali.

Amri aliyoisubiri kijana haikuja. Kilichokuja ni sauti kutoka chini ya miguu yake: mbao nzito ikiburuzwa juu ya chuma. Kila mlinzi wa lango aliijua sauti hiyo. Huisikia kila alfajiri, lango linapofunguliwa kwa wauza mboga.

"Nani ametoa komeo?" mtu alipiga kelele. "Nani ametoa komeo?"

Hakuna aliyejibu. Milango ikafunguka kwa utulivu, na farasi wakaanza kuingia.

Kijana alimtafuta fundi, akamkuta palepale alipomwacha, kidole juu ya tofali.

"Nimeliona," mzee alisema. Machozi yalimtiririka, lakini sauti ilikuwa kavu. "Hili hapa. Halijapata hata ufa."

Kisha akanusa hewa, akageuka upande wa kusini-mashariki. Moshi mweusi ulikuwa ukipanda juu ya jumba la mfalme.

*

Jioni ile Zhu Di alionyeshwa maiti iliyoungua hata sura haikujulikana. Akaambiwa ndiye. Akalia, na akaamuru mazishi.

Lakini palikuwa na minong'ono kwamba mwili ule ni wa malkia. Hata historia rasmi ya Ming, ilipoandikwa miaka mingi baadaye, ilisema tu kwamba mwisho wa mfalme haukujulikana.

Na pale historia inaponyamaza, hekaya hushika usukani. Inasimulia kwamba moto ulipokaribia, mtumishi mmoja alileta sanduku jekundu. Babu, yule mfalme mzee, ndiye aliyeliacha, lifunguliwe siku ya dhiki kuu. Mfalme kijana akalivunja. Ndani hamkuwa na upanga wala hati ya kuita majeshi. Mlikuwa na majoho ya watawa, kofia, viatu, vyeti vitatu vya utawa, vipande kumi vya fedha na wembe mmoja. Mtu aliyejenga kilomita 35 za ukuta alikuwa amemwekea mjukuu wake njia ya kurudi kule alikoanzia yeye: barabarani, kichwa kipara, bakuli mkononi.

Na tukiifuata hekaya hiyo, usiku ule kijana wetu alikuwa amehamishwa. Bwana mpya alitaka kila tundu la mji lilindwe, na yeye akapangiwa mlango wa maji wa mashariki, ghorofa ya chini kabisa, palipo na giza na mto.

Karibu na usiku wa manane maji yalibadili sauti. Kitu kilikuwa kikiyapasua polepole, kikigusa ukuta, kikisimama, kikigusa tena. Kijana aliinua taa.

Alikuwa mtawa. Joho lake lilikuwa jipya, mikunjo ya sandukuni haijatoka. Kichwa kilikuwa kimenyolewa vibaya, kwa haraka, na damu mbichi ilimchirizika hadi sikioni. Mkono wake laini, mkono ambao haukuwahi kukanda udongo wala kushika mwiko, ulikuwa ukipapasa matofali, mstari kwa mstari.

Kijana akainua mkuki. Juu yake, kwenye ngazi, alisikia viatu vya askari wa Zhu Di vikishuka.

"Nani hapo?" akanong'ona.

Mtawa alimtazama. Midomo ikamfunguka.

ITAENDELEA WIKI IJAYO...