Haibridi: Ninunue au Nisinunue?

Nimepotea kidogo, kazi za watu hizi. Leo hatuzungumzi seva wala programu, leo ni gari. Ila mkingoja kidogo mtaona programu imejipenyeza humo humo.

Huu ni mwaka wangu wa tatu Reading, Uingereza. Kuna Toyota Prius ya mwaka 2020 nimeiona, na pesa zake ninazo. Taabu ni kwamba pesa hizo ndizo zile zile tulizokubaliana zimalizie nyumba ya mama. Hoja yangu ilikuwa hivi: hapa wanaendesha upande wetu, usukani kulia, kwa hiyo gari nitalitumia, kisha nikirudi nalo Nairobi litakuwa mtaji. Nikampigia mjomba wangu, fundi wa magari pale Ayany, upande wa soko la Toi. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza swali moja: "Sasa mjomba, ikifa hiyo betri, nani ataifungua huku?"

Sikuwa na jibu. Basi nikafanya anachofanya mtu wa tarakilishi akikwama, nikaanza kusoma historia.

Kumbe jambo lenyewe ni kongwe. Mwaka 1900 kule Vienna kijana Ferdinand Porsche, akifanya kazi kwa Lohner, alitengeneza gari lenye injini ya petroli ambayo haikuzungusha magurudumu. Ilizungusha jenereta, na umeme ukaenda kwenye mota zilizofungwa ndani ya magurudumu yenyewe. Gari lilikuwa zito na ghali. Petroli ikazidi kurahisisha mambo, na kuanzia 1912 Cadillac ikaja na stata ya umeme, watu wakaacha kuvunjika mikono wakizungusha injini kwa chuma. Haibridi ikasahaulika barabarani.

Lakini relini haikusahaulika, na hapa nilicheka peke yangu. Sisi tuliokulia Ayany tumezisikia injini za treni zikipita Kibera kuelekea Kisumu. Zile ni dizeli kwa jina tu! Dizeli inazungusha jenereta, mota za umeme ndizo zinazovuta mabehewa. Kinachokosekana ni betri kubwa ya kuhifadhi umeme. Yaani mjukuu wa gari la Porsche alikuwa akitupigia honi miaka yote hiyo.

Betri ndiyo iliyowatesa Toyota. Mradi wao, uliopewa jina la G21, ulianza 1993, na kiongozi wa wahandisi akawa Takeshi Uchiyamada. Mwishoni mwa 1995 gari lao la kwanza la majaribio lilikataa kusogea kwa siku 49. Siku 49, jamani! Mimi programu ikikataa siku mbili naanza kutafuta kazi nyingine. Hata lilipokubali, lilikwenda mita mia chache likasimama. Badala ya kuongezewa muda, wakubwa wakaivuta tarehe karibu zaidi, na Prius ikaingia sokoni Japani Desemba 1997, mwezi ule ule wa mkutano wa mazingira wa Kyoto. Nje ya Japani ilianza kuuzwa 2000.

Ufundi wake unapendeza. Injini, mota na jenereta zimeunganishwa kwa gia moja ya sayari: gia ndogo katikati, nyingine zikiizunguka, na ya nje ikizifunika. Hakuna klachi. Ukikanyaga breki, mota inageuka jenereta na kurudisha umeme kwenye betri. Kwenye foleni ya Ngong Road, ambako gari la kawaida linachoma petroli likiwa limesimama, hili linazima injini lenyewe. Anayeamua nani avute na nani apumzike ni programu, kila sekunde.

Na programu, ndugu zangu, ina wadudu. Mwaka 2005 Prius kama 75,000 kule Marekani ziliitwa karakana kwa sababu programu ingeweza kuzima injini safarini. 2010 magari kama 437,000 duniani yakaitwa kwa ajili ya programu ya breki. 2014 yakaitwa milioni 1.9, tena programu. Wengine wataogopa wakisoma hivyo. Mimi nilitulia, maana mdudu aliyetangazwa ni mdudu anayetafutiwa dawa. Ila swali la mjomba lilikuwa la betri.

Betri ya Prius ya kizazi cha pili ina seli 168 za volti 1.2 kila moja, zimepangwa sita sita katika vipande 28. Jumla volti 201.6, umeme wa kuua mtu kabisa. Lakini kipande kimoja kikichoka si lazima utupe vyote. Nikampigia mjomba tena kumweleza. Akacheka. Tayari alikuwa amefungua ya Toyota Aqua ya dereva wa teksi, akakuta feni inayopoza betri imejaa vumbi jekundu. Hizo Aqua zilianza kuuzwa Japani Desemba 2011, na kwa kuwa Kenya inaruhusu magari yasiyozidi miaka 8, zikatufikia kwa wingi zikiwa zimetumika. "Nilikuwa nataka kujua kama wewe unajua," akasema.

Basi betri si kikwazo. Kilichonikamata ni hiyo miaka 8. Anayerudi nyumbani baada ya miaka 2 nje anaweza kusamehewa ushuru wa gari alilolimiliki na kulitumia miezi 12, ila sharti la umri liko pale pale. Mwaka 2025 yaliruhusiwa magari ya 2018 na kuendelea. Kwa hesabu hiyo, la 2020 mwisho wake ni 2027, na mkataba wangu hapa unaisha katikati ya 2028. Lingebaki bandarini Mombasa, au nisingelitoa Uingereza kabisa.

La 2022 lingefika kwa wakati, lakini bei yake inakula mabati ya mama na sakafu juu yake. Nimemwambia muuzaji hapana. Pesa zimeenda nyumbani Jumatatu, na kazini naendelea kupanda basi. Mjomba ameahidi kunipigia picha akifungua betri nyingine, kipande kwa kipande.