Historia ya Upatanifu wa Kadi ya Grafiki katika Kompyuta za Mezani Zilizoundwa Kiwandani, 1981–2022

1.0 Utangulizi

Kompyuta ya mezani iliyoundwa kiwandani huuzwa kama kitu kimoja kilichokamilika, ingawa ndani yake mna sehemu nyingi zinazoweza kuchomolewa na kubadilishwa. Kadi ya grafiki, yaani kadi inayotayarisha picha zinazoonekana kwenye skrini, ni miongoni mwa sehemu ambazo wamiliki hutamani kuzibadilisha kompyuta inapoanza kuzeeka. Swali linalotangulia ununuzi wa kadi hiyo huonekana dogo: je, kadi mpya itapatana na kompyuta ya zamani? Makala hii inaonesha kwamba swali hilo lina historia ndefu. Hoja kuu inayotetewa ni kwamba, tangu mwaka 1981, nafasi ya kadi kwenye ubao mama imezidi kuwa ya viwango vya wote, ilhali uamuzi wa kadi ipi ifanye kazi umehamia katika mambo yasiyoonekana kwa urahisi, yaani umeme, kasha na programu ya kuwashia. Kwa hiyo, kadi kuingia katika nafasi yake si ushahidi wa kutosha wa upatanifu.

2.0 Mvutano Kuhusu Nafasi ya Kadi, 1981–1992

Kompyuta binafsi ya IBM, modeli 5150, ilitolewa Agosti 1981 ikiwa na nafasi 5 za kadi. Haikuweza kuonesha chochote bila kadi. Mnunuzi alichagua ama MDA, iliyoonesha maandishi tu, ama CGA, iliyoonesha rangi. IBM ilichapisha mwongozo wa kiufundi wenye michoro ya saketi, na kwa njia hiyo kampuni nyingine ziliweza kutengeneza kadi zilizopatana na mashine hiyo. Hata hivyo, ukomo mmoja ulikuwapo tangu mwanzo: kifaa cha ugavi wa umeme kilitoa wati 63.5 tu kwa mashine nzima.

Mwaka 1984 IBM ilitoa kompyuta ya AT na kupanua njia ya data kutoka biti 8 hadi biti 16. Upanuzi huo ulifanywa kwa kurefusha nafasi iliyokuwapo, hivyo kadi nyingi za zamani ziliendelea kutumika. Mkondo huo ulikatizwa mwaka 1987, pale kompyuta za PS/2 zilipokuja na njia mpya ya data iliyoitwa MCA. Kadi za zamani hazikuingia humo, na kampuni iliyotaka kuitumia njia hiyo ilipaswa kupata leseni ya IBM. Septemba 1988, kampuni 9 zikiongozwa na Compaq zilijibu kwa kutangaza EISA, njia ya biti 32 iliyokubali pia kadi za zamani. MCA haikuenea katika soko pana. Tukio hili linaonesha kwamba, mapema kabisa, upatanifu ulikuwa suala la umiliki kabla ya kuwa suala la ufundi: aliyemiliki umbo la nafasi alimiliki pia uwezo wa kuamua umri wa mashine ya mwenzake.

3.0 Umbo Moja, Volti Tofauti, 1992–2003

Intel ilileta PCI mwaka 1992, na mwaka 1996 ikachapisha viwango vya AGP, nafasi iliyokusudiwa kadi ya grafiki peke yake. Viwango hivyo vilikuwa vya wote, lakini matoleo yake yalitofautiana kwa volti. Toleo la kwanza lilitumia volti 3.3, la pili, la mwaka 1998, likaongeza volti 1.5, la tatu, la mwaka 2002, likaleta volti 0.8. Pengo dogo lililokatwa kwenye ukingo wa kadi ndilo lililozuia kadi ya volti isiyofaa kuingia. Mmiliki aliyetazama urefu wa nafasi bila kuchunguza pengo hilo alikuwa hajakagua chochote cha maana.

Kompyuta za bei nafuu zilikuwa na kikwazo kingine. Chipu za Intel 810, zilizotolewa mwaka 1999, zilikuwa na grafiki ndani yake na hazikuwa na njia ya nafasi ya AGP ya nje. Mmiliki wa mashine ya aina hiyo alibakiwa na PCI, njia ya polepole zaidi, hata kama kichakato chake kilikuwa bado na nguvu. Uamuzi uliofanywa kiwandani ili kupunguza gharama ukawa ukomo wa kudumu kwa mnunuzi.

4.0 Umeme na Kasha

Viwango vya ATX, vilivyotolewa na Intel mwaka 1995, vilikusudia kuoanisha ubao mama, kasha na kifaa cha ugavi wa umeme. Oanisho hilo halikukamilika. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Dell ilitumia katika baadhi ya kompyuta zake kiunganishi cha umeme kilichofanana kwa umbo na kile cha ATX, lakini mpangilio wa nyaya zake ulikuwa tofauti. Aliyechomeka kifaa cha kawaida ili kupata wati zaidi kwa ajili ya kadi mpya aliweza kuunguza ubao mama. Hapa umbo lenyewe ndilo lililopotosha.

PCI Express, iliyochapishwa mwaka 2003, iliondoa tatizo la volti za AGP. Kadi ya toleo jipya huweza kuingia katika nafasi ya toleo la zamani, na pande zote mbili hukubaliana kufanya kazi kwa kasi ya ile iliyo chini. Nafasi hiyo huipa kadi ya grafiki wati 75 kwa juu kabisa. Kadi inayohitaji zaidi hupokea nyongeza kupitia kiunganishi cha pini 6 chenye wati 75, au cha pini 8 chenye wati 150. Kompyuta za ofisini aghalabu hazina viunganishi hivyo. OptiPlex 790 ya mwaka 2011 ni mfano mzuri: yenye kasha dogo ina kifaa cha wati 240, na yenye kasha la wima ina cha wati 265. Kasha dogo, zaidi ya hayo, hupokea kadi za kimo kifupi tu. Ndiyo maana kadi kama GTX 750 Ti ya mwaka 2014, yenye mahitaji ya wati 60, ilipata umaarufu mkubwa kuliko nguvu yake: katika matoleo yake mengi ilitegemea umeme wa nafasi peke yake.

Kasi nayo haikosi kukaguliwa. RX 6500 XT, ya Januari 2022, hutumia njia 4 tu za PCI Express. Katika toleo la nne, njia hizo hupitisha takribani gigabaiti 8 kwa sekunde. Katika toleo la pili, linalopatikana kwenye mashine za mwaka 2011, hupitisha takribani 2. Kadi itawaka, lakini sehemu ya fedha iliyolipwa itakuwa imepotea.

5.0 Programu ya Kuwashia

Tabaka la mwisho halishikiki kwa mkono. Mashine zinazotumia BIOS ya zamani huhitaji kadi yenye programu ya kuanzia inayoeleweka na BIOS hiyo. Mashine za UEFI zenye ulinzi wa Secure Boot, ulioenea pamoja na Windows 8 mwaka 2012, huhitaji programu iliyotiwa saini. Kadi nzima, yenye umeme wa kutosha, huweza kubaki kimya kwa sababu hiyo tu. Mwaka 2022 Intel yenyewe ilieleza kwamba kadi zake za Arc zinahitaji Resizable BAR ili zifanye kazi ipasavyo, na kompyuta nyingi za zamani hazina uwezo huo.

6.0 Hitimisho

Historia hii ina uzito wa pekee katika Afrika Mashariki, ambako kompyuta za ofisini zilizokwisha kutumika Ulaya na Marekani huuzwa tena katika maduka ya Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. Mwanafunzi wa usanifu majengo anayenunua mashine ya aina hiyo hurithi pia maamuzi yaliyofanywa kiwandani miaka mingi kabla, na kadi isiyopatana huweza kumgharimu karibu sawa na mashine yenyewe.

Mpangilio wa ukaguzi, basi, unafuata mpangilio wa historia: aina na toleo la nafasi, kimo, urefu na unene wa kadi ndani ya kasha, wati na viunganishi vya kifaa cha umeme, na mwisho programu ya kuwashia. Mwongozo wa modeli husika, wala si umbo la nafasi, ndio ushahidi wa kwanza. Kila tabaka liliongezwa na watu waliokuwa na sababu zao za kiufundi au za kibiashara, na anayeruka tabaka moja hulipa gharama ya uamuzi ambao hakuufanya.