Ruhusa ya kuchimba barabara ilianzia wapi?

Bandugu, tuangalie Uingereza. Mwaka 1861, chini ya Garrick Street mjini London, walijenga handaki ili mabomba yapite mule, mtu asivunje tena barabara. Muzuri sana, lakini bei kali. Barabara nyingi hazikupata.

Miaka ya 1990 kampuni za televisheni ya kebo zikachimba mji kwa mji. Sheria ya 1991 iliwadai taarifa tu. Kutoa taarifa si kuomba ruhusa! Njo maana sheria ya 2004 ikaleta ruhusa yenyewe. Kent na komini kadhaa za London zikaanza Januari 2010. Karatasi inaonyesha siku ya kufungua shimo na siku ya kulifunga.

Kwetu fibra inapita mtaani: hiyo siku ya pili, nani anaiandika?