Neno Wend na Neno Enda

Kila aliyefundisha Kiingereza katika vijiji vyetu vya Kisarawe amekwisha kuulizwa swali hili: ikiwa walk huwa walked, na play huwa played, mbona go huwa went? Sisi tulipokuwa watoto, mwenzetu mmoja alisimama mbele ya darasa akasema goed. Alichapwa viboko vitatu, nasi tukamcheka. Tangu siku ile hakuinua mkono tena katika somo la Kiingereza. Kumbe alikuwa amefikiri sawasawa kabisa! Kosa halikuwa katika akili yake, bali katika historia ya Waingereza wenyewe, na mwalimu wetu hakuijua.

Habari yake ni hii. Hapo kale Waingereza walikuwa na maneno mawili. La kwanza ni go, lakini kwa mambo yaliyopita walisema eode, neno lisilofanana na go hata kidogo. La pili ni wend. Asili ya wend ilikuwa kugeuza au kugeuka, na hata leo Wajerumani husema wenden kwa maana iyo hiyo, kwa kuwa lugha zao ni ndugu. Basi mtu ageukaye na kuelekea mahali ndiye ashikaye njia. Hivyo wend likawa kusafiri. Ajuaye jinsi njia za miguu zilivyopinda katika vilima vya Pugu hatastaajabu. Mshairi Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, alilitumia neno hilo alipowaeleza mahujaji waliokuwa wakienda Canterbury.

Sasa, kama send huwa sent, na bend huwa bent, wend nalo likawa went. Hapana ajabu yo yote. Ajabu ilikuja baadaye, watu walipoliacha eode kidogo kidogo, na kufika kama mwaka 1500 went lilikuwa limekwisha kukaa mahali pake. Hivyo go lilichukua mtoto wa jirani likamlea. Wend maskini likafanyiziwa jingine, wended, nalo limebaki hasa vitabuni, kwa mtu aendaye polepole.

Wako wenzetu wasemao kwamba wend na enda letu ni neno moja, maana sauti zimekaribiana mno. Sisi twakataa. Waulize Waganda, Wahaya na Wanyarwanda: wao husema kugenda. Sisi Waswahili tumeiangusha ile g njiani. Ukiirudisha mahali pake, ule ufanani na wend wapungua mara moja, tena maana ya kugeuka haimo. Maneno mawili yaweza kukutana kwa sauti kama wasafiri wawili kisimani, wala wasiwe wa ukoo mmoja.

Hata hivyo enda nalo lina ukaidi wake. Twamwamuru mtoto soma! lala! cheza! lakini hapa twasema nenda! Ile n yatoka wapi? Mgeni akisema enda sokoni, twamwelewa, wala hatumchapi.

Siku hizi mtoto akisema goed darasani kwetu, twaandika ubaoni send, sent, bend, bent, kisha wend, na mbele yake twaacha nafasi tupu. Chaki twampa yeye.