Chipu isiyojiamini

Kuna msomaji ameniuliza swali zuri: kama siri za kadi ya benki zimefungiwa ndani ya chipu, na chipu yenyewe haitoi siri kwa mtu yeyote, mwizi anazipataje? Zipo njia nyingi, lakini iliyonivutia zaidi ni ile ya kuibabaisha chipu. Unaipa kwikwi ya nusu sekunde, tena hata nusu sekunde ni nyingi mno, nayo inakosea hesabu. Ndani ya kosa hilo siri inadondoka.

Mwanzo wake haukuwa na uhusiano wowote na wezi. Mwaka 1978 Timothy May na Murray Woods wa kampuni ya Intel walieleza ugonjwa uliokuwa ukizisumbua chipu za kumbukumbu. Sifuri ilikuwa inageuka kuwa moja, au moja kuwa sifuri, na ukikagua hukuti kilichoungua wala kilichokatika. Chanzo kilikuwa vifungashio vya chipu zenyewe. Vilikuwa na urani na thori kidogo sana, na chembe za alfa zilizotoka humo zilitosha kugeuza biti moja. Miaka mitatu kabla yao, wahandisi wa satelaiti walikuwa wameshaandika kuhusu miali ya anga za juu kufanya uharibifu kama huo. Hiyo ilihesabiwa kuwa ajali. Wahandisi walibadilisha malighafi, wakaongeza biti za kugundua makosa, kazi ikaendelea.

Swali la "je, mtu akifanya makusudi?" walilifanyia kazi mapema maharamia wa televisheni za kulipia. Sisi tunaotumia ving'amuzi tunaijua ile kadi ya kuchomeka. Sasa fikiria: kadi haina betri. Umeme inapewa na mashine ilimochomekwa, na mapigo ya saa yanayoiongoza ifanye hatua moja baada ya nyingine yanatoka huko huko. Kwa hiyo mwenye mashine ndiye anayeishikia kadi pumzi. Akipitisha pigo moja haraka kuliko kawaida, au akiushusha umeme kwa kitambo kidogo tu, kadi inaruka amri moja na kuendelea na inayofuata kama vile hakuna kilichotokea. Ikiwa amri iliyorukwa ni ile inayosema "umeshatoa herufi za kutosha, acha", kadi haiachi. Inaendelea kumwaga kila kilichomo kwenye kumbukumbu yake, funguo za siri zikiwemo.

Ross Anderson na Markus Kuhn waliyaeleza haya hadharani Novemba 1996, kwenye mkutano wa Oakland, California. Miezi miwili tu nyuma, watafiti watatu wa Bellcore, Dan Boneh, Richard DeMillo na Richard Lipton, walikuwa wametangaza ugunduzi wao. Hawakuwa wamevunja kadi yoyote, ilikuwa hesabu kwenye karatasi. Lakini hesabu gani!

Kwa wale mliokimbia hisabati, msiogope. Mfumo wa RSA unategemea namba tasa mbili kubwa zinazozidishwa na kupata namba moja kubwa zaidi. Hiyo kubwa kila mtu anaijua, zile mbili ni siri. Ili kuokoa muda, kadi nyingi huigawa kazi ya kutia sahihi ya kidijitali mara mbili, nusu kwa namba tasa ya kwanza na nusu kwa ya pili, kisha huunganisha majibu. Bellcore walionyesha kwamba nusu moja ikikosewa na nyingine ikiwa sawa, unachukua sahihi nzuri na sahihi mbovu, unatoa moja kwa nyingine, halafu unatafuta Kigawo Kikubwa cha Shirika na ile namba ya hadharani. Naam, KKS ile ile ya shule ya msingi! Jibu lake ni mojawapo ya namba za siri. Arjen Lenstra akaongeza kwamba hata ile sahihi nzuri si lazima, moja mbovu inatosha kama unaujua ujumbe uliotiwa sahihi. Kabla mwaka haujaisha Eli Biham na Adi Shamir wakawa wameonyesha kwamba mifumo ya aina nyingine, kama DES, nayo haiponi.

Kinga ya kwanza ni rahisi hadi inachekesha. Kabla ya kutoa jibu, chipu ilikague. Igeuze sahihi yake kwa ufunguo wa hadharani, ione kama inarudi kwenye ujumbe ule ule. Isiporudi, inyamaze. Kwangu mimi hapa ndipo historia hii ilipogeuka. Tangu enzi za kwanza za kompyuta tulikuwa tunawatilia shaka watumiaji, na sasa chipu ikaanza kufundishwa kujitilia shaka yenyewe.

Walinzi hawakustarehe muda mrefu. Mwaka 2000 Sung-Ming Yen na Marc Joye walionyesha kwamba ukaguzi wenyewe unaweza kugeuka mmbea. Mshambuliaji anakosesha hatua moja aliyoichagua, kisha anangoja tu. Chipu ikinyamaza, anajua hatua ile ilikuwa muhimu. Ikijibu kama kawaida, anajua ilikuwa ya kupoteza muda. Kwa hatua nyingi za namna hiyo anaukusanya ufunguo biti kwa biti.

Kisha mwaka 2002 ikaja ile ninayoipenda kuliko zote. Sergei Skorobogatov na Ross Anderson, pale Cambridge, walinunua flashi ya kamera iliyokwisha tumika kwa dola 30. Waliifunga juu ya hadubini, wakapunguza mwanga kwa kipande cha karatasi ya alumini chenye tundu, wakamulika chipu iliyofunuliwa. Transista ikipigwa mwanga hupitisha umeme, kwa hiyo waliweza kugeuza biti moja waliyoitaka. Mpaka hapo wengi walidhani kazi ya namna hii inahitaji maabara ya mamilioni.

Walipendekeza na dawa. Kila biti ipitie nyaya mbili, moja ikiwa juu nyingine iwe chini. Zote mbili zikikutwa juu kwa pamoja, hiyo ni king'ora. Watengenezaji wa kadi wana mbinu nyingine pia: vihisio vya mwanga, vya umeme na vya kasi ya saa, kurudia hesabu mara mbili, na kusubiri kwa muda usiotabirika ili mwizi asijue apige lini. Ipo na moja ya kizamani kuhusu namba ya siri. Kadi inapunguza nafasi zako tatu za kujaribu kabla ya kuangalia namba uliyoingiza, halafu inakurudishia ukipatia. Ukiikatia umeme katikati, nafasi imeshaondoka.

Haya si mambo ya Ulaya peke yake. M-Pesa ilipoanza Kenya Machi 2007, menyu yake ilikaa ndani ya laini ya simu, na laini ni binamu wa kadi ile ya king'amuzi. Kwa watu wengi benki ya kwanza maishani mwao ilikuwa hicho kipande cha plastiki.

Kuna waliodhani vita vimekwisha. Agosti 2011 mtu anayejiita GliGli alionyesha Xbox 360 ikipunguzwa mwendo na kupewa mshtuko mfupi kwenye waya wa kuwashia upya. Haikuwaka upya. Badala yake ililinganisha alama mbili tofauti na kusema zinafanana, ikaendesha programu isiyoruhusiwa.

Mimi ni mwandishi wa habari, kwa hiyo naegemea upande wa uwazi. Kwa miaka mingi watengenezaji wa chipu walificha kinga zao na kuwataka wateja waamini. Agosti 2024 kampuni ya Raspberry Pi ilifanya kinyume. Ilitoa chipu ya RP2350, ya bei ya kama dola moja, yenye vigunduzi vinne vya kwikwi za umeme, na kuahidi zawadi kwa atakayetoa siri iliyofichwa ndani. Zawadi ilianza dola 10,000, ikapandishwa hadi 20,000. Januari 2025 walitangazwa washindi wanne, kila mmoja akapewa zawadi kamili. Wawili walitumia kwikwi za umeme na mmoja leza. Makosa yakachapishwa kwa majina na namba zake, na Julai 2025 likatoka toleo la A4 lililorekebisha baadhi yake. Na shindano jingine likafunguliwa.