Mila na Utani wa Mabaharia, Kutoka Malindi Hadi Kajiado

Maji ya mto Athi yanayopita Kitengela hayaishii mbugani. Huko mbele mto huitwa Galana, kisha Sabaki, na kumwagikia Bahari ya Hindi kaskazini kidogo mwa Malindi. Nautaja kwa sababu Kajiado tumezoea kuihesabu bahari kuwa mambo ya watu wa pwani. Lakini Jeshi la Ulinzi la Kenya huandikisha makuruti kaunti kwa kaunti, na kijana aliyekulia akichunga mbuzi Isinya anaweza kujikuta Mtongwe, Mombasa, amevaa sare nyeupe ya mwanamaji. Huko hurithi mila za aina mbili: za mabaharia wa Ulaya na za mabaharia Waswahili. Za Ulaya zimeandikwa na kuandikwa tena. Zetu, ambazo nazo ni kongwe, zimetawanyika, na hilo linaniuma.

Tuanze pale mto unapoishia. Aprili 1498 Vasco da Gama alitia nanga Malindi, mfalme wa mji akampa rubani, na ilipofika Mei 20 Wareno walikuwa Calicut, India. Rubani huyo alikuwa nani? Katika karne ya 16 mwandishi wa Makka, Qutb al-Din al-Nahrawali, alisimulia kwamba ni Ahmad ibn Majid, bingwa wa elimu ya bahari aliyezaliwa Julfar, na kwamba Wareno walimlewesha kwanza ndipo akawaonyesha njia. Wanahistoria wengi leo hawalikubali hilo. Habari za Wareno wenyewe zinamtaja rubani wa Gujarati. Lakini hadithi ilidumu, nami naona sababu yake ni ya kibaharia kabisa. Nahodha mwenye akili timamu hatoi siri ya njia, kwa hiyo aliyeitoa lazima alikuwa amelewa. Ni utani, na ndani yake mna uchungu wa watu waliopoteza bahari yao.

Hadithi nyingine ni ya mtepe, chombo cha Lamu na Pate. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, bila msumari hata mmoja. Tanga lake lilikuwa mkeka wa pembe nne. Omo, yaani sehemu yake ya mbele, lilichongwa mfano wa kichwa cha ngamia, likachorwa macho ya duara, na watu wakasema huyo ni ngamia wa Mtume. Kwa nini hakuna misumari? Mabaharia walijibu kwamba baharini kuna mlima wa sumaku unaochomoa chuma chote mpaka chombo kinasambaratika. Fundi angekujibu kwamba chombo cha kushonwa hupinda kidogo kinapopwelewa mchangani, hakivunjiki. Vyombo vya namna hii vilitajwa Rhapta, bandari ya kale ya pwani hii, tangu karne ya kwanza, kwa hiyo ufundi ulikuwepo, na masimulizi ya sumaku yaliufanya ukumbukwe.

Safari zenyewe zilihesabiwa kwa mwaka wa jua unaoanza Nairuzi, siku zikigawanywa makumi makumi, kila kumi likiitwa mwongo. Nahodha alijua katika mwongo upi upepo wa kaskazi utashika, na lini ule wa kusi utakuwa mkali mno hata bahari ifungwe. Siku ya mwaka mpya watu waliingia baharini kuoga na kutoa kafara. Makunduchi, Unguja, mpaka leo wanaume huchapana kwa mikomba ya migomba wakati wa Mwaka Kogwa, ili chuki za mwaka uliopita ziishie hapo hapo.

Linganisha na mabaharia wa Ulaya. Meli ikivuka ikweta, baharia mmoja huvikwa taji na ndevu za bandia, akawa Neptune, mfalme wa bahari, naye huwahukumu wote ambao hawajawahi kuvuka. Hayo yalimkuta Charles Darwin mnamo Februari 1832 katika meli ya Beagle: alifungwa macho, akapakwa lami na rangi usoni, akakwanguliwa kwa kipande cha pete ya chuma ya pipa, kisha akatoswa majini. Siku hiyo cheo hakina nguvu, na mabaharia wa chini huwatania wakubwa wao bila kuadhibiwa. Kwangu mimi, Makunduchi na Neptune wanafanya kazi moja. Watu waliofungiwa pamoja, iwe kisiwani au chomboni, wanahitaji siku ya kutoleana ya moyoni. Majahazi ya Lamu yaliyoelekea Uarabuni yaliivuka ikweta hiyo hiyo bila sherehe yoyote; hofu yao ilikuwa mbele zaidi, Ras Asir, kwenye pembe ya Somalia.

Bara nako mambo ya pwani yalifika. Mwaka 1883 Joseph Thomson alifuatana na msafara wa Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa Pangani, kupitia nchi ya Wamaasai hadi Ngong. Misafara ya namna hiyo ilitembea na bendera mbele na kuaguliwa siku njema ya kuondoka, kama nahodha afanyavyo bandarini. Kauri zilizomo katika mapambo ya Kimaasai nazo ni za bahari ya Hindi.

Turudi kwa yule kijana wa Isinya. Jeshi la Wanamaji la Kenya lilizinduliwa Desemba 12, 1964, miaka miwili baada ya jeshi la maji la kikoloni la Afrika Mashariki kuvunjwa. Septemba 2012 meli zake zilipeleka askari Kismayu, Somalia, chini ya nusu digrii kutoka ikweta. Marehemu Ahmed Sheikh Nabhany, mshairi wa Lamu, alituonyesha namna ya kuhifadhi mila kama hizi: tungo yake *Sambo ya Kiwandeo*, iliyochapishwa 1979, inaeleza ujenzi wa chombo kwa msamiati wa mafundi wenyewe. Wanamaji bado hawajapata Nabhany wao. Habari za mapigano ya Kismayu zimeandikwa. Utani uliopigwa sitahani katika safari ile wanao wanamaji wenyewe, wengine wao wakiwa sasa wastaafu huku Kajiado, na kinasa sauti kimoja kinatosha kuanza kazi.