Gari binafsi la mtumba

Gari binafsi la mtumba ni gari dogo lililotumika ng'ambo, hasa Japani, kisha likanunuliwa Afrika Mashariki kwa matumizi ya mtu au familia. Ndilo lililowafungulia umiliki wa gari walimu, wauguzi na wafanyabiashara wadogo, ambao bei ya gari jipya iliwashinda. Japani huendesha upande wa kushoto, usukani ukiwa kulia, sawa na Kenya, Tanzania na Uganda. Huko Japani ukaguzi wa lazima hufanyika gari jipya likitimiza miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na gharama zake huwasukuma wengi kuuza mapema. Magari hushushwa Mombasa na Dar es Salaam, mengi yakiwa bado na stika za Kijapani kiooni na redio isiyonasa stesheni nyingi za hapa, kwani FM ya Japani huanzia megahezi 76 na redio nyingi huishia 90. Kenya hairuhusu yaliyozidi miaka 8. Uganda, tangu 2018, miaka 15. Tanzania huyaongezea ushuru yaliyo makuukuu. Mwaka 2024 Ethiopia ilizuia kabisa kuingiza magari binafsi ya petroli na dizeli, ikibakisha ya umeme. Kwa mnunuzi wa gari la umeme lililotumika, jambo zito kuliko kilomita zilizotembewa ni uchakavu wa betri.